Bi Sabiha na Marejeo ya Dokta Semkiwa

Bi Sabiha Mundhir alikuwa karani mpiga chapa wa kituo kimoja cha utafiti wa mazao ya pwani, nje kidogo ya mji wa Tanga, na kwa miaka kumi ya mwanzo hakuna aliyemtambua kwa lingine. Wataalamu walimwachia karatasi zao mezani, zenye mwandiko wa kukwaruzakwaruza, naye akazichapa. Wakirudi walizikuta zimepangwa, kingo zimelingana kama zimekatwa kwa mkasi. Walisema ahsante, wakaenda zao.

Kwao hasa ni Wete, Pemba. Aliletwa Tanga angali mtoto wa kubebwa, babake akapata nyumba mtaa wa Makorora, akafungua chuo cha kusomesha Kurani. Sabiha alisoma chuoni kwa babake kabla hajaijua skuli. Yule mzee alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa herufi. Mtoto akiweka nukta juu badala ya chini, ba ikawa nuni, alimfutisha ubao mzima akaanza upya. Sabiha alifutishwa ubao mara nyingi. Baadaye akamaliza darasa la nane, akajifunza kupiga chapa kwa masista, akaolewa, akaachika bila mtoto, akarudi kuishi na mamake, Bi Mwanaasha. Alipoajiriwa kituoni alikuwa na miaka ishirini na minne.

Jambo lililombadilishia maisha lilifika kwa posta, mwaka wa themanini na nne.

Mwaka ule hata sabuni ilikuwa habari. Watu walipanga foleni bila kujua kinachouzwa mbele. Kituoni, utepe wa mashine ya chapa ulikuwa ule ule tangu mwaka uliopita. Ulipofifia Bi Sabiha aliupaka mafuta ya cherehani, akauanika dirishani, ukapata uhai wa wiki mbili tatu. Barua za ndani zilichapwa nyuma ya fomu za zamani. Maktaba ya kituo ilikuwa na majarida ya kitaalamu mpaka mwaka wa sabini na tisa, kisha basi, kwa sababu fedha za kigeni za kulipia zilikwisha. Wataalamu waliendelea kufanya kazi kama mtu anayezungumza na jirani aliyehama: hawakujua wenzao wa nje wamesema nini tangu miaka mitano iliyopita.

Katika hali hiyo Dokta Lucas Semkiwa, Mbondei wa Muheza, alikuwa amefanya utafiti wa miaka sita juu ya chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi mpaka mti ukafa umesimama. Alizunguka mashamba ya Kigombe mpaka Mwera kwa pikipiki, na petroli ilipokosekana, kwa baiskeli. Aliandika makala, Bi Sabiha akaichapa, ikapelekwa kwenye jarida kubwa la Ulaya. Baada ya miezi ikarudi.

Siku hiyo Dokta Semkiwa aliingia ofisini kwa Bi Sabiha, akaketi bila kukaribishwa, akamsukumia bahasha.

“Imekataliwa?” Bi Sabiha akauliza.

“Haikukataliwa. Haikusomwa. Mhariri anasema orodha ya marejeo haikufuata utaratibu wa jarida, na vilevile haina uhakika. Amejaribu kutafuta matano akayakosa mawili. Ametupa miezi mitatu turekebishe, tusiporudisha anafunga faili.”

Bi Sabiha aliiangalia tarehe. Barua ilikuwa imekaa njiani wiki tano. Nyingine tano zingehitajika kuirudisha. Zilibaki wiki tatu.

“Nilifuata maelekezo ya nyuma ya jarida,” akasema. “Lile la maktaba.”

“La sabini na tisa. Wamebadilisha tangu hapo. Sisi tungejuaje?”

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja ya maelekezo mapya. Nusu yake ilihusu picha na majedwali. Kuhusu marejeo palikuwa na mistari sita na mifano minne tu: makala ya jarida, kitabu, sura katika kitabu, na ripoti isiyochapishwa. Dokta Semkiwa alisema angejaribu kurekebisha jioni, nyumbani. Bi Sabiha alikuwa ameshaanza kuisoma ile mifano, kidole kikienda polepole kutoka alama hadi alama: jina la ukoo, mkato, herufi ya jina la kwanza, nukta, mwaka ndani ya mabano. Jina la jarida lipigiwe mstari chini, ili wachapaji waliweke kwa herufi za mlalo. Namba ya juzuu, nukta mbili, kurasa. Mfano wa tatu ulikuwa na mkato mahali ambapo wa kwanza ulikuwa na nukta, na hilo halikuwa kosa. Ulikuwa na sababu yake.

“Niachie mimi,” akasema.

“Bi Sabiha, si kuchapa tu. Ni kuhakiki.”

“Nimesikia. Niachie.”

Alikata majalada ya mafaili yaliyokufa, akapata kadi ndogo ndogo, akaandika kila rejeo kwenye kadi yake. Yalikuwa hamsini na mawili. Kisha akaisoma makala yenyewe neno kwa neno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa akiichapa, maana mpiga chapa huyaona maneno bila kuyasikia. Kila mahali lilipotajwa jina la mtu na mwaka, aliitafuta kadi yake akaitia alama. Alipomaliza, watu watano walikuwa wametajwa ndani ya makala na hawamo kwenye orodha, na watatu walikuwamo kwenye orodha na hawakutajwa popote. Akawaandikia wale watano kadi, akampelekea Dokta Semkiwa kadi nane, akaziweka mezani kwake katika mafungu mawili.

Dokta alizisoma. “Makala hii nimeisoma mara ishirini,” akasema.

“Umesoma yaliyo yako. Haya ni ya wenzio.”

Wale watano wakaongezwa, wale watatu wakatolewa, yakawa hamsini na manne. Sasa ikabaki kuyaona. Bi Sabiha alishuka maktaba ya kituo na bunda lake la kadi, akafungua jarida moja baada ya jingine, akilinganisha jina, mwaka, juzuu na kurasa. Thelathini na saba aliyapata. Kati ya hayo, tisa yalikuwa na kosa: ukurasa uliopungua, jina la Mjerumani lililokosa herufi, mwaka uliorukwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alikuwa amenakili kwa haraka kutoka kwa aliyemtangulia. Kumi na saba hayakuwamo kabisa.

“Yamo milimani,” Dokta Semkiwa akasema. “Ile maktaba ya zamani, Usambara. Ina vitabu tangu Wajerumani. Lakini gari halina mafuta, na mimi mkuu ameniita kwenye ripoti ya mwaka.”

“Sikuomba gari,” Bi Sabiha akasema.

Mamake ndiye aliyempa kazi kumwelewesha. Bi Mwanaasha alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akaacha.

“Wenda milimani kufanya nini?”

“Kutazama vitabu, mama.”

“Vya nini?”

“Nikajue kama makala fulani inaanza ukurasa wa mia na tatu au mia na thelathini.”

“Na ukishajua?”

“Nitaandika ilivyo.”

Bi Mwanaasha alirudia ungo wake. Baadaye alikwenda chumbani akatoka na fungu la ng'onda wa Kigombe, samaki wakavu aliowaficha kwa ajili ya mwezi wa Ramadhani, akawafunga kwenye gazeti. “Huendi kwa watu mikono mitupu,” akasema.

Bi Sabiha alipanda lori lililokuwa likienda kuchukua iliki, akafika juu mchana, miguu imekufa ganzi. Maktaba ilikuwa nyumba ya mawe, kuta zimeota kuvu ya kijani. Mtunzaji wake aliitwa Imakulata, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Wazee wake walikuja Tanga kukata mkonge kutoka kusini, na yeye alisomeshwa na mapadre. Mshahara wake ulichelewa mara kwa mara, na mwaka ule hakuwa amemwona msomaji hata mmoja tangu Pasaka. Hata hivyo kila kulipokuwa na jua alitoa vitabu rafu kwa rafu, akavianika barazani na kuvipangusa kwa kitambaa kikavu.

“Nani amekutuma?” aliuliza.

“Nimejituma. Nina kadi kumi na saba.”

Imakulata alizipokea, akazipitia moja moja kama mtu anayesoma majina ya ndugu zake. “Huyu ninaye. Huyu ninaye. Huyu amekaa na wadudu wa kahawa, wamemweka pabaya lakini nampata. Huyu simjui.” Akainua macho. “Unakaa siku ngapi?”

“Mpaka niyaone yote.”

“Basi utalala kwangu.”

Siku ya kwanza waliyaona tisa, ya pili sita. Imakulata hakuhitaji katalogi. Alikwenda moja kwa moja rafuni, akaupitisha mkono, akatoa. Bi Sabiha aliandika kwa penseli, maana wino ulisambaa kwa unyevu. Mchana walikula ugali kwa wale ng'onda, na Imakulata akasema hajaonja samaki wa chumvi tangu aolewe. Zilibaki kadi mbili. Moja ni ile ya yule asiyejulikana. Ya pili ilisema: Harcombe, 1957, ripoti juu ya chonga katika mashamba ya Mwera, kurasa 91.

Hiyo ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Hoja nzima ya Dokta Semkiwa ilisimama juu yake, kwa sababu ndiyo pekee iliyohesabu chonga shambani mwezi kwa mwezi, zamani, kabla ya dawa. Kila mwandishi aliyekuja baadaye alikuwa ameitaja. Harcombe alikuwa ofisa kilimo wa Kiingereza.

“Ripoti za wakati huo zimo makashani,” Imakulata akasema. “Zilipigwa kwa stensili. Hazikuandikishwa popote.”

Walifungua makasha manne. La tano lilikuwa limeliwa na mchwa upande mmoja. Katikati yake, upande uliopona, Bi Sabiha alivuta kijitabu chembamba kilichofungwa kwa uzi. Alijua kabla hajakisoma kwamba hakiwezi kuwa na kurasa tisini na moja. Akazihesabu. Zilikuwa kumi na tisa.

Kisha akasoma jalada. Mwaka ulikuwa elfu moja mia tisa hamsini na sita. Kichwa kilikuwa kile kile. Na chini ya kichwa, kwa herufi za mashine zilizochoka, palisema kwamba uchunguzi ulifanywa na ripoti iliandikwa na Abdulhakim Hija, msaidizi wa shamba, Mwera. Jina la Harcombe lilikuwapo pia, chini zaidi: alikuwa ameandika utangulizi wa ukurasa mmoja, na katika utangulizi huo alisema waziwazi kwamba kazi yote ni ya Bwana Hija.

Bi Sabiha aliketi chini palepale, juu ya sakafu baridi.

“Vipi?” Imakulata akauliza.

“Dada, tangu lini watu wanaitaja ripoti hii?”

“Tangu nianze kazi. Wanaandika barua kuiulizia, lakini hakuna aliyekuja kuitazama.”

Bi Sabiha alinakili hesabu za kila mwezi katika karatasi nne, kisha jalada lote, mstari kwa mstari, pamoja na ukurasa wa utangulizi. Alimwomba Imakulata aandike chini yake kwamba nakala hiyo ni sahihi, atie saini na muhuri wa maktaba. Imakulata aliutafuta muhuri kwa muda, akaupata, akaupulizia pumzi ili wino ukolee, akaugonga kwa nguvu. Siku iliyofuata lori la iliki lilimshusha Bi Sabiha.

Dokta Semkiwa hakufurahi kama Bi Sabiha alivyotarajia. Aliisoma ile nakala mara mbili, akavua miwani.

“Hili ni gumu,” akasema. “Watu kumi wakubwa wamemtaja Harcombe, elfu moja mia tisa hamsini na saba. Mhariri mwenyewe amemtaja kwenye kitabu chake. Sisi ndio tumerudishiwa makala kwa marejeo mabaya. Leo tuje na jina ambalo hakuna aliyelisikia? Atasema tumekosea tena.”

“Wale kumi hawakuiona.”

“Unajuaje?”

“Wote wameandika kurasa tisini na moja, Dokta. Ina kumi na tisa. Wa kwanza alipindua namba, waliobaki wakamnakili. Na wewe umewanakili.”

Nje mtu alikuwa akikata nyasi kwa fyekeo. Dokta Semkiwa hakuwa mtu wa majivuno, lakini alikuwa na shahada tatu, na huyu alikuwa karani wake.

“Kweli,” hatimaye akasema, “sijawahi kuiona. Nimeandika kama mtu aliyeisoma.”

“Sasa isome.” Bi Sabiha akampa karatasi nyingine nne alizonakili, zenye hesabu za kila mwezi.

Aliisoma mpaka mwisho. Alipoinua uso, swali lake lilikuwa jingine kabisa. “Tumwandikeje? Jarida linataka jina la ukoo mbele. Huyu ana jina la ukoo?”

“Watu wa pwani jina la pili ni la baba. Hija ni babake. Ndilo litakalokwenda mbele. Hija, mkato, A., nukta.”

Bi Sabiha aliporudi mezani kwake alijiuliza angeandikwaje yeye. Mundhir, mkato, S., nukta. Alilitamka polepole, pasipo na mtu wa kumsikia, akaliona jina la babake limekaa mbele vizuri.

Ile kadi ya mwisho, ya yule asiyejulikana, haikuonekana popote. Dokta Semkiwa alifuta sentensi iliyomtaja. Yakabaki hamsini na matatu, yote yameonwa kwa macho.

Ikaja kazi ya kuchapa. Jarida lilitaka karatasi nyeupe safi, na safi hazikuwapo. Mkuu wa kituo, Ndugu Eliudi Mshana, alizifungia kabatini kwa ajili ya ripoti ya mwaka. Bi Sabiha alikwenda kwake mwenyewe.

“Unataka ngapi?”

“Makala ni kurasa thelathini na nne.”

Ndugu Eliudi alizitoa, akazihesabu kwa kulowesha kidole. “Chukua arobaini. Sita za kuharibu. Zikizidi hapo utachapa kwenye majani ya mgomba.”

Alichapa siku mbili, mlango umefungwa, utepe umetiwa mafuta ya cherehani kwa mara ya mwisho. Alikuwa akiisoma kila sentensi mpaka mwisho kabla ya kugusa kitufe. Ukurasa wa thelathini na moja, ndani ya marejeo, aliandika juzuu ya kumi na sita badala ya kumi na saba. Angeweza kuparua kwa wembe na kuweka saba juu yake. Wengi wangefanya hivyo. Aliitoa ile karatasi, akaanza upya. Nyingine mbili ziliharibika, moja kwa jasho la mkono. Alipomaliza zilibaki tatu nyeupe, akazirudisha kwa Ndugu Eliudi. Mkuu alizipokea, na tangu siku ile hakumwita tena “karani”. Alimwita Bi Sabiha.

Kabla bahasha haijafungwa, Dokta Semkiwa alisema anataka kuweka jina lake kwenye shukrani, mwishoni. “Nitaandika, namshukuru Bi Sabiha Mundhir kwa kuchapa mswada.”

“Kuchapa wanachapa wengi,” Bi Sabiha akasema. “Andika kwa kuhakiki marejeo.”

Dokta alimtazama, akatabasamu, akaandika hivyo. Bahasha ilikwenda kwa rejista, na ile nakala yenye muhuri wa Imakulata ikiwa ndani.

Jibu lilichukua miezi minne. Barua ilikuwa ndefu. Makala ilikubaliwa, na marekebisho machache. Aya nzima ilihusu ripoti ya Mwera. Mhariri alikiri kwamba yeye mwenyewe alimtaja Harcombe bila kuiona ripoti, na kwamba toleo jipya la kitabu chake litarekebishwa. Mwisho aliuliza ni nani kituoni aliyeandaa marejeo, kwa kuwa hakumbuki kupokea orodha safi kama ile kutoka popote duniani.

Dokta Semkiwa aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, wakati wa chai, akiitafsiri sentensi kwa sentensi. Kwenye swali la mwisho watu waligeuka kumtazama Bi Sabiha. Yeye alikuwa ameshika kikombe. Hakuinamisha macho, wala hakusema “ni kawaida tu”, kama ilivyo desturi yetu tukisifiwa. Alisema, “Mjibu. Mwambie jina langu.”

Nakala za makala zilipofika, ishirini na tano, walitafuta mafuta mpaka wakayapata, wakaenda Mwera. Walivuka mto Pangani kwa pantoni, wakauliza, wakaelekezwa. Mzee Abdulhakim Hija alikuwa hai, ana miaka sabini na kitu, amekaa kwenye kijishamba chake cha minazi akisuka makuti. Bi Sabiha aliamkia, “Shikamoo baba,” naye akaitikia, “Marahaba, mwanangu. Karibuni,” akaagiza madafu yaangushwe.

Dokta Semkiwa alieleza. Mzee alisikiliza mikono ikiendelea kusuka. Alipopewa makala alitoa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasogea kwenye mwanga, akaenda mwishoni kwa marejeo, akasoma kwa Kiingereza cha zamani kilichonyooka, jina lake na la babake na mwaka na Mwera. Akalisoma tena.

“Bwana Harcombe alikuwa mtu wa haki,” akasema. “Aliniambia, Hija, hii ni kazi yako, weka jina lako. Nami nikaliweka. Sijui lilipotelea wapi baada ya hapo.”

“Walinakiliana, baba,” Bi Sabiha akasema.

“Na wewe ukaenda kutazama.”

“Nilikwenda.”

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Kisha akaanza kuisoma makala yenyewe, na pale katikati kidole chake kikasimama. “Mwezi wa tatu, hamsini na tano. Mmeandika chonga karibu mia nne.”

“Ndiyo, mzee,” Dokta akasema.

“Si karibu mia nne. Ni mia nne na kumi. Niliwatoa mwenyewe kwa ndoano ya waya, mnazi kwa mnazi, nikawahesabu kwenye debe. Mmeniangushia kumi.”

Bi Sabiha alifungua mkoba, akatoa karatasi zake alizonakili milimani, akatazama. Ilikuwa mia nne na kumi. Dokta Semkiwa alicheka mpaka akaweka dafu chini, na mzee naye akacheka, lakini Bi Sabiha alichukua penseli akaandika pembeni, kwa sababu kosa lilikuwa kosa.

Kuanzia hapo wataalamu wa kituo hawakupeleka makala popote bila kupita kwake. Zilikuja na nyingine kutoka kwenye vituo vya mifugo, vya mkonge, hata hospitali. Alikuwa na masanduku sita ya kadi, na alijifunza utaratibu wa majarida kumi na moja, kila moja na tabia zake: hili linataka mwaka mwishoni, lile halitaki mkato kabla ya “na”. Imakulata alimtumia kadi kutoka milimani kwa posta, naye akamrudishia ng'onda kwa lori la iliki.

Upepo wa nchi ukageuka. Maduka yalijaa sabuni, karatasi nyeupe zikauzwa barabarani, na serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Mwaka wa tisini na nne orodha ilibandikwa ukutani, na jina la Bi Sabiha lilikuwamo, kwa sababu kwenye karatasi za utumishi alikuwa bado mpiga chapa daraja la pili, na mashine za kompyuta zilikuwa zinakuja. Dokta Semkiwa aliandika barua tatu kupinga. Hazikusaidia. Bi Sabiha alilia siku moja, nyumbani, mbele ya mamake tu. Siku ya pili alikwenda kituoni na mkokoteni, akachukua masanduku yake ya kadi, ambayo hayakuwa mali ya serikali kwa kuwa yalitokana na majalada ya kutupwa.

Alikipaka chokaa chumba cha mbele cha nyumba ya babake, akaweka meza na benchi, akaandika ukutani kwa rangi ya buluu: TUNACHAPA NA KUHAKIKI MAREJEO. Majirani waliuliza marejeo ni kitu gani, kinaliwa. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili lilisimama gari la kituo cha mifugo. Mwezi haujaisha, benchi lilikuwa na daktari wa hospitali, mwalimu wa chuo cha ualimu na Dokta Semkiwa mwenyewe, wote wakisubiri zamu, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu walio zahanati. Mtu aliyeleta rejeo asiloliona kwa macho yake alirudishwa nalo. Mmoja aliondoka kwa hasira, akarudi baada ya siku nne na kitabu mkononi.

Alipofika miaka arobaini na sita alinunua kompyuta kuukuu na kujifunza kuitumia. Alisema ina faida moja, kwamba haihitaji mafuta ya cherehani.

Mwaka wa tisini na saba watafiti wa pwani nzima walikutana Tanga, na waandaaji wakamwomba awafundishe vijana wao nusu siku. Alivaa buibui jipya. Bi Mwanaasha, aliyekuwa hatoki tena nyumbani, alisisitiza aletwe, akawekewa kiti nyuma kabisa, karibu na mlango. Ukumbini walikuwa vijana arobaini, wengi wana shahada. Bi Sabiha aligawa vijitabu alivyovichapa mwenyewe, kisha akaandika ubaoni rejeo moja lenye makosa saba, akawaambia wayatafute. Walipata matano. Akawaonyesha mengine mawili.

Kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. “Samahani, mwalimu. Wewe umesomea chuo kikuu gani?”

“Sikusoma chuo kikuu,” Bi Sabiha akasema. “Nina darasa la nane. Ila yote niliyoyaandika, nimeyaona. Fungueni ukurasa wa pili.”

Wakafungua.